Magunia Manne ya Bi Kubwakubwa

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Sokoni, kwa miaka ishirini na sita, aliitwa Bi Kubwakubwa, na aliyempa jina hilo hakukosea. Gunia la vitunguu likifunguliwa, wenzake walikuwa bado wanasalimiana na mwenye mzigo, yeye mkono wake ulishazama mpaka kwenye kiwiko na kutoka na vile vikubwa vya duara, vizito, vyenye ngozi inayong'aa kama kiatu kipya. Hivyo ndivyo vilivyokaa juu ya meza yake. Vidogo vilikwenda chini, vilivyoanza kulainika vilikwenda chini zaidi, na mteja aliyetaka kupekua alipigwa hadithi mpaka akasahau mkono wake ulikuwa unaelekea wapi. Hakuwa mwizi. Alikuwa mfanyabiashara, na tofauti ya hao wawili ni kwamba mteja wa mfanyabiashara hurudi.

Kilichomtoa sokoni ni gunia. Mpakuzi mmoja aliteleza, gunia likamdondokea Bi Kubwakubwa kwenye nyonga, na tangu siku hiyo mguu wa kushoto ukawa na maoni yake binafsi. Daktari alimwambia kusimama kutwa nzima basi, apumzike. Meza akaiacha kwa jirani yake wa miaka mingi, yeye akahamia kwa bintiye.

Kupumzika kukamshinda siku ya tatu. Binti alirudi kazini akakuta viazi vyote vya jikoni vimepangwa kwa ukubwa, nyanya zimetengwa mafungu, na vikombe vyenye mikwaruzo vimefichwa nyuma ya vizima. Wakati wa kula, mkwe akinyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama, mama mkwe alimwonyesha kwa kidevu kipande kingine kilichokuwa bora zaidi. Mkwe alikuwa mtu wa heshima, alikuwa akimwambia kila jioni, "Mama, karibu ukae." Naye akamjibu kwamba amekaa sana, akiendelea kukaa ataota mizizi. Alizunguka ile nyumba kama aliyekalia siafu. Alihesabu marumaru za sakafu. Alifungua mlango kutazama nani anapita, akaufunga, akaufungua tena kutazama kama yule aliyepita amefika alikokuwa akienda. Binti alivumilia wiki tano, kisha akamwambia mumewe chumbani, kwa sauti ambayo Bi Kubwakubwa aliisikia vizuri sana, kwamba mama asipopata kazi, wote watatu wa nyumba hii watapata wazimu.

Basi akaenda kwa kaka yake.

Kaka mkubwa alikuwa mtunza ghala mstaafu, mtu wa kalamu mfukoni na maneno machache. Yeye ndiye aliyeshika kiwanja walichoachiwa na wazazi, kipande kirefu chenye barabara mbele na bomba la maji nyuma, ambacho kwa miaka kilikuwa kikiota magugu. Wakati huo fundi magari wa karakana ya jirani alikuwa amekwisha kukiomba ili aegeshe magari yanayosubiri vipuri, na kaka alikuwa karibu kukubali. Bi Kubwakubwa akasema hapana, anakitaka yeye, alime. Kaka akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu.

"Ulime nini, mdogo wangu? Wewe hujawahi hata kumwagilia ua."

"Vitunguu."

"Umeuza vitunguu. Kuuza samaki si kuogelea."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho kaka akatoa kalamu na kuandika kwenye karatasi, kwa sababu alimjua dada yake na hakutaka maneno ya hewani. Msimu mmoja tu. Akitoa magunia manne ya vitunguu vikavu, vya kuweka ghalani, kiwanja kitakuwa chake kulima maisha yake yote. Yasipotimia, kiwanja kitakwenda kwa fundi. Wote wawili wakatia sahihi. Bi Kubwakubwa akatoka akichechemea haraka kuliko alivyoingia. Magunia manne! Alikuwa amesimamisha magunia arobaini kwa siku moja. Lakini njiani akapunguza mwendo. Kurudi kwenye kile kiti cha sebuleni kwa bintiye, na mto wake wa maua, asubuhi hadi jioni, mpaka kufa: hiyo ndiyo iliyokuwa upande wa pili wa karatasi.

Kupanda kwa mbegu za punje hakukumwingia akilini. Kitalu, kivuli, kuhamisha miche midogo kama nywele. Nani ana muda huo? Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna wakulima wanaopanda vitunguu vidogo vilivyokwisha kukaushwa, vitunguu vya mbegu, ambavyo wenyewe huviita gololi. Unachomeka ardhini leo, wiki ijayo kuna majani. Hiyo ndiyo lugha aliyoielewa.

Mwenye duka la pembejeo alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa mazungumzo marefu. Alikuwa na gololi za aina mbili. Kwenye karai la kwanza zilikuwa ndogo kama punje za karanga, nyingine hazizidi kidole kidogo cha mtoto. Kwenye karai la pili zilikuwa nono, nusu ya yai la kuku, zinavutia. Bi Kubwakubwa hakuuliza. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye karai la pili.

"Hizo ni kubwa mno, mama," mwenye duka akamwambia. "Chukua ndogo."

Hapo Bi Kubwakubwa akatabasamu. Maneno hayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasema mara elfu. "Chukua hizi ndogo, mama, ndizo tamu." "Hizi ndogo hazina maji mengi." Ni maneno ya mtu mwenye vidogo vilivyomdodea. Akamwambia mwenye duka, kwa upole wa mtu anayemsamehe mwenzake wa kazi, kwamba yeye vitunguu hafundishwi. Mwenye duka akarudia mara ya pili kwamba kubwa zitamsumbua. Bi Kubwakubwa akacheka kabisa. Akaokota moja moja mpaka akajaza madebe matatu, na kila aliyoiokota aliipima kwanza kiganjani. Mwenye duka akaacha kubishana. Biashara haigombi.

Alipanda kwa siku nne. Mkwe alimchimbia matuta siku yake ya mapumziko, yeye akaburuta kigoda na kuchomeka gololi mojamoja, mzizi chini, ncha juu, shingo ikichungulia udongoni kidogo tu, upana wa kiganja kutoka moja hadi nyingine. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Macho yake yalikuwa yamezoea safu. Fundi magari, bwana mmoja mfupi mwenye mikono myeusi ya grisi, alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa uzio wa mabati huku akisubiri kiwanja chake.

"Shikamoo, Bi Kubwakubwa. Leo vinalala?"

"Marahaba. Vinalala, na wewe usiviamshe na makelele ya injini zako."

Aliyeviamsha ni yeye mwenyewe. Siku ya pili baada ya kumaliza kupanda alirudi, akachomoa kimoja kutazama kama kimetoa mizizi. Hakikutoa. Akakirudisha. Siku ya tatu akachomoa kingine, kisha kingine cha tuta la mwisho, ili alinganishe. Ndege nao walikuwa wakivuta zile ncha kavu wakidhani ni minyoo, hivyo kila asubuhi alikuta gololi kadhaa zimelala pembeni, na hakujua zipi ni za ndege na zipi ni zake. Alikwenda kiwanjani asubuhi, akarudi kunywa chai, akakumbuka kwamba hakutazama tuta la tatu, akaenda tena. Mchana akaenda kuona kama jua ni kali. Jioni akaenda kuona kama jua limepungua. Fundi akamwambia mtoto hakui kwa kupimwa kila saa. Bi Kubwakubwa akamwambia aangalie spana zake.

Lakini vikaota. Majani yalitoka kijani kibichi, mawili, manne, yamesimama kama askari. Wiki ya tano mashina yalikuwa manene kuliko kidole. Alimleta bintiye aone. Usiku hakupata usingizi, si kwa maumivu ya nyonga, bali alikuwa akiyapakia yale magunia kichwani: manne ya kaka, la tano la nyumbani, la sita labda. Alishachagua na mahali pa kuyaweka.

Wiki ya saba, katikati ya majani ya kitunguu kimoja, kukatoka bua refu, gumu, lenye kichwa kilichofungwa kama ngumi ya mtoto. Kesho yake yalikuwa kumi. Baada ya siku nne hakuweza kuyahesabu. Bi Kubwakubwa alifurahi. Mti ukitoa maua, tunda liko njiani, nani asiyejua? Akamwita fundi kwenye uzio, amwonyeshe, maana furaha bila mshindani haina ladha.

Fundi akapanda juu ya tairi, akatazama. Hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Bi Kubwakubwa.

"Mama yangu alikuwa analima vitunguu," akasema. "Vikitoa hivyo, alikuwa anakaa chini anashika kichwa. Alikuwa anaviita madume."

"Madume?"

"Havitungi chini tena, Bi Kubwakubwa. Vimeshapata kazi nyingine."

Bi Kubwakubwa akachomoa kimoja palepale. Chini palikuwa na kitunguu chembamba kama shingo ya chupa. Akakipasua kwa kucha. Katikati kulikuwa na kiini kigumu, cheupe, kama kijiti. Akachomoa cha pili, cha tatu. Kijiti, kijiti. Hakumuaga fundi. Alitoka nacho mkononi, udongo na mizizi vikining'inia, akaenda moja kwa moja mpaka duka la pembejeo, mguu ukimwimbia kila hatua, akakitupa juu ya kaunta.

Mwenye duka alikigeuza mara moja tu.

"Kitunguu kina mahesabu yake," akasema. "Kile kidogo, hata ukikianika na kukihifadhi, kinajiona bado mtoto. Ukikipanda, kinaendelea kunenepa. Kile kikubwa kinajiona kimeshamaliza ujana. Ukikirudisha ardhini hakiwazi mwili tena, kinawaza uzazi. Kinatafuta kuacha mbegu kabla hakijafa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, mama. Ulicheka."

Ukweli ukiwa umefika mdomoni mwa mwenzako, hakuna mahali pa kuutemea. Bi Kubwakubwa alisimama pale akitazama lile karai la gololi ndogo, ambalo sasa lilikuwa tupu. Wakulima wengine walizimaliza. Akauliza afanye nini. Akaambiwa vile vilivyotoa bua avichomoe sasa hivi, kabla shina halijawa mti, auze na majani yake. Havitakauka wala kukaa ghalani. Ambavyo havijatoa aviache. Na aache kuvishikashika.

Kwa siku mbili alichomoa. Wapishi wa vibanda vya chakula walivichukua kwa mafungu, na pale angalau hakuna aliyemzidi kwa maneno: mpishi aliyesema majani yameanza kukomaa aliondoka ameshika mafungu mawili na bado anatikisa kichwa. Lakini kila fungu lililoondoka lilikuwa limetoka kwenye magunia ya kaka. Matuta yalibaki na mapengo kama mdomo wa mzee. Alipita akihesabu vilivyosalia, akahesabu tena kutoka upande mwingine, kana kwamba vitunguu vingeongezeka kwa kuhesabiwa kinyumenyume. Gunia moja na nusu. Mungu akipenda sana, gunia moja na robo tatu.

Siku ya mavuno ilikuwa bado wiki nne. Wiki nne za kusubiri kushindwa ni adhabu hata kwa mtu mtulivu. Bi Kubwakubwa alirudi kupanga viazi. Alifua mapazia yasiyo machafu. Na kwenye kamba ya mapazia, akiwa na vibanio mdomoni, wazo likamjia. Alishangaa tu limechelewa wapi. Kaka alikuwa mtu wa karatasi. Angekuja siku hiyo, angekuta magunia manne yamesimama, angetia tiki. Nani alisema magunia yote manne lazima yatoke ardhini?

Kesho yake alikuwa sokoni. Jirani yake wa zamani akamkumbatia, akamletea kigoda. Magunia matatu yalikuwepo, vitunguu vikavu, vizuri, na kwa Bi Kubwakubwa maelewano yangekuwa ya kidada. Walishakubaliana siku ya kupeleka. Walishamwita na mwenye mkokoteni waelewane nauli. Bi Kubwakubwa akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, kwa mazoea, akatoa kitunguu kizito cha duara, akakipima kiganjani.

Hapo akakwama.

Si kwamba dhamira ilimsuta. Dhamira yake ilikuwa imekaa sokoni muda mrefu, ilijua kunyamaza. Kwanza alimfikiria fundi, anayechungulia kiwanja kile kila siku juu ya tairi lake, na ambaye angekikosa kiwanja kama angenyamaza. Hilo lingeweza kupatiwa dawa. Lakini la pili halikuwa na dawa. Kaka akishaandika magunia manne, magunia manne ndiyo yatakuwa kipimo cha kiwanja. Mwakani atauliza, mbona matatu? Mwaka unaofuata atauliza, mbona mawili? Naye atakuwa kila msimu anarudi hapahapa kununua vitunguu vya watu ili alinde uongo wa msimu wa kwanza. Angekuwa amejiuzia mwenyewe gunia lenye vikubwa juu. Na mteja wa gunia hilo, safari hii, hana pa kulirudisha.

Akakirudisha kile kitunguu. Jirani akamuuliza kama kuna kasoro. Akasema hakuna, vitunguu ni vizuri, mnunuzi ndiye mbovu. Akaondoka kabla mwenye mkokoteni hajafika.

Hakupitia nyumbani. Alipitia kiwanjani akachukua dume moja, la mwisho, lililobaki kwenye kona, akaenda nalo kwa kaka yake. Kaka alikuwa mezani, anasoma gazeti la juzi. Bi Kubwakubwa akavuta sahani, akakipasua kitunguu kwa kisu cha mkate, akageuza upande wenye kijiti umtazame kaka.

"Nini hiki?"

"Ndicho kilichotoka kwenye kiwanja chako, zaidi ya nusu yake. Nilichagua mbegu kubwa, nikaambiwa nisichague, nikachagua. Havitafika manne, kaka. Nimeshindwa."

Kaka akaweka gazeti chini. Katika maisha yao yote, hakuwahi kusikia neno hilo la mwisho kutoka kwa huyu. Alikizungusha kitunguu kwenye sahani.

"Vitafika magunia mangapi?"

Mawili yalikuwa tayari kwenye ulimi. "Moja na nusu," akasema.

"Karatasi inasema manne."

"Karatasi imeshinda, sigombani nayo. Nakuomba kitu ambacho hakimo kwenye karatasi."

"Nilijua," kaka akasema. "Hujawahi kuja kwangu mikono mitupu ukaondoka mikono mitupu. Sema."

Akasema. Gari bovu halinywi maji. Kitunguu hakihitaji barabara. Fundi anataka mbele, pa kuingilia. Yeye anataka nyuma, penye bomba. Kiwanja kigawanywe nusu kwa nusu. Kaka akasema nusu ni ya mtu aliyeshinda nusu, na moja na nusu si nusu ya manne. Akachukua kalamu, akafanya hesabu pembeni ya gazeti, kwa sababu hakujua kukata shauri bila kalamu. Theluthi moja. Bi Kubwakubwa akataka nusu kasoro. Kaka akasema theluthi moja au kiti cha sebuleni. Bi Kubwakubwa akamtazama, akaona kwamba bei imegonga dari.

"Theluthi," akasema. "Lakini nachagua mwenyewe theluthi ipi."

"Umeshachagua. Umesema nyuma."

"Nyuma, na bomba liwe upande wangu wa kamba. Andika."

Kaka akaandika.

Jumamosi wakapima. Ugomvi wa kwanza ulikuwa ni hatua za nani zitumike. Bi Kubwakubwa akapendekeza kaka ampimie yeye sehemu yake, kwa kuwa mguu unamsumbua. Kaka alikuwa mrefu kama nguzo. Na fundi, akasema, apime yake mwenyewe. Fundi akatazama miguu yake mifupi, akatazama ya kaka.

"Bi Kubwakubwa," akasema, "mimi grisi imenichafua mikono, si macho."

Wakatumia kamba. Kigingi kikapigwa kwenye tuta la nne kutoka barabarani. Mbele ya kigingi, sehemu ambayo sasa ilikuwa ya fundi, palikuwa bado na matuta yenye vitunguu vilivyokuwa vinaanza tu kujaza, na majani yake hayajaanguka. Na nje ya lango, fundi alikuwa tayari na gari la kwanza, limefungwa kwenye mnyororo, halina injini, vijana wawili wa karakana wamelishika nyuma. Aliahidiwa kiwanja, akaja na gari. Bi Kubwakubwa akamwomba wiki tatu. Fundi akasema mwenye gari anakuja kesho, akilikuta barabarani atampeleka pabaya. Akampa wiki tatu kwa mengine yote, lakini hili moja lazima liingie leo.

Bi Kubwakubwa hakusubiri kusikia mara mbili. Aliingia katikati ya matuta, akatazama lile alilolichomoa lote, tuta la pili, tupu, na mifereji miwili ya maji pande zake. Akapima upana kwa macho, kisha kwa fimbo yake ya kutembelea. Akatoka langoni akapima matairi. Akarudi. Nafasi ya vidole vinne kila upande.

"Njoo," akawaambia vijana. "Polepole. Gurudumu lishuke mferejini. Kata kushoto. Kushoto kwangu, si kwako!"

Gari likaingia likilalamika. Alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yake, fimbo juu, nguo imeshikwa mkono mmoja, mguu wa kushoto ukivutwa, akikemea upande huu na kuukimbilia upande ule kabla kemeo halijaisha. Jani moja la tuta la tatu likaguswa na bampa, akapiga bodi kwa fimbo, kila mtu akasimama. Wakasogeza nyuma, wakaingia upya. Kaka alikuwa ameketi kwenye kile kigoda cha kupandia, amekunja karatasi mfukoni, hana la kuandika. Fundi aliinua mkono kusema panatosha hapo.

"Hapatoshi," akasema Bi Kubwakubwa. "Linatia kivuli tuta la tatu. Sukumeni tena."